Ziwa ni letu, kuta ni za nani?

KIJANA mwenzangu wa Mwanza, hebu nikuulize swali dogo. Jumapili hii, ukitoka Igogo, Mabatini au Nyakato na shilingi elfu mbili mfukoni, ukataka kufika ziwani, uogelee, ukae kwenye mchanga na wenzako, upande mtumbwi nusu saa halafu urudi nyumbani kabla ya giza, utakwenda wapi?

Usinijibu haraka. Fikiri kwanza.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 69,000. Karibu nusu ya maji hayo yamo ndani ya mipaka ya Tanzania. Wakenya tunaosikia wakitamba na samaki wao wana kipande kama asilimia sita tu. Sisi ndio wenye ziwa. Na jiji letu limekaa juu ya ziwa lenyewe, siyo jirani yake. Panda jiwe lolote kule Bugando uangalie chini, utaliona limelala linameta mpaka macho yakuume.

Lakini kuliona ni jambo moja na kulifikia ni jambo jingine. Anza safari yako pale kivuko cha Kamanga. Pembeni utaliona jiwe la Bismarck, lile ambalo kila mgeni analipiga picha. (Huyo Bismarck alikuwa Kansela wa Wajerumani, na hakuwahi kukanyaga Mwanza hata siku moja. Jiwe lina jina lake mpaka leo. Ndiyo Tanzania yetu!) Kutoka hapo fuata barabara ya kwenda Capri Point. Mkono mmoja kilima, mkono mwingine maji. Hesabu kuta. Hesabu mageti. Hesabu mbao zilizoandikwa mbwa mkali. Ukifika mwisho niambie umepata vichochoro vingapi ambavyo mlalahoi anaweza kupita akachovya mguu bila kuulizwa na mlinzi, "Wewe unatafuta nani?"

Mimi nimeulizwa swali hilo. Nilikuwa na wenzangu watatu, siku ya Idi, kwenye geti moja ambalo sitalitaja. Tuliambiwa kuingia ni bure. Kwa ndani tukaambiwa kila mmoja lazima anunue kinywaji, na soda moja ilikuwa na bei ya mlo wa siku nzima uswahilini. Tukatoka. Mlinzi alikuwa kijana wa rika letu, anakaa Mkolani, na alituambia kwa aibu kwamba hata yeye hajawahi kuogelea pale anapolinda.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wakubwa wanapenda kutuambia tufuate sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bahari au bwawa. Mita 60! Huo ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Kama sheria hii ingefuatwa kwa wote, ukingo mzima wa Mwanza kuanzia Luchelele mpaka Igombe ungekuwa mkanda wa wazi ambao mtu anaweza kutembea na watoto wake jioni.

Wenyewe wanajua pa kuikumbuka na pa kuisahau. Mkulima wa mchicha bondeni anaikumbushwa. Mama mwenye banda la samaki wa kukaanga anaikumbushwa. Mwaka 2021 tuliona machinga wakiondolewa katikati ya jiji hili, na tukaambiwa ni kwa ajili ya kupanga mji na usafi. Sawa. Sasa tunauliza: zile mita 60 zinapimwa kwa futi ipi zinapofika kwenye ukuta wa kigogo? Futi ya raba, inayovutika?

Kuna watakaosema, huyu naye kazidi. Watu hawana ajira, bei ya unga imepanda, yeye anadai pa kuogelea! Hata baadhi ya makada wa upande wetu watanuna, wanataka tuandike juu ya Katiba mpya tu. Katiba tutaiandika, na tumeiandika sana. Lakini ndugu yangu, jambo hili si la starehe. Ni la uhai na kifo, na nitakueleza kwa nini.

Kijana akikosa mahali pazuri pa kuingia majini, haachi kuingia. Joto la Mwanza unalijua. Anakwenda pale palipobaki. Na palipobaki ni wapi? Ni kwenye miamba yenye utelezi ambapo chini yake hujui kina. Ni kwenye majani na matope. Ni karibu na mdomo wa Mto Mirongo, ule mto unaopita katikati ya jiji ukizoa kila kitu, na unajua mwenyewe vilima vyetu vina nyumba ngapi ambazo vyoo vyake mvua ikinyesha vinafuata mteremko.

Hapo ndipo kichocho kinapokaa. Na hapa nataka unisikilize vizuri, maana wengi wetu tunadanganyana vijiweni. Vijana wanasema kichocho ni kukojoa damu, kwa hiyo kama hukojoi damu wewe ni mzima. Si kweli kwa watu wa ziwani. Kichocho kinachotawala kandokando ya Ziwa Victoria ni kile cha tumbo. Kinaingia kwa ngozi, dakika chache tu za kusimama majini zinatosha. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wadogo wanaopenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani. Vikishaingia vinakwenda kwenye mishipa ya utumbo na ini. Unaweza kukaa miaka bila kujua. Siku ukijua, tumbo limejaa maji au unatapika damu.

Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli, na ni vidonge vya kumeza mara moja kulingana na uzito wako. Mara nyingi serikali inapogawa dawa hizo kwa mkupuo, inakwenda mashuleni. Vizuri, watoto wapate. Lakini wewe uliyemaliza kidato cha nne unabeba mizigo Mwaloni Kirumba, unashinda majini mpaka kiunoni, nani anakufuata? Hakuna. Umeshatoka kwenye daftari. Nenda zahanati mwenyewe, dai upimwe.

Ufukwe wa wazi wenye mchanga, uliofyekwa majani, wenye choo cha kulipia shilingi mia mbili, ni kinga ya kichocho kuliko mabango. Konokono hapendi mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo anayefunga fukwe nzuri na kutuachia tope anatugawia ugonjwa. Naandika hivi nikiwa na akili zangu timamu.

Halafu kuna kuzama.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa njiani kuja Mwanza, karibu kabisa na kufika. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini hakuna familia ya Kanda ya Ziwa isiyokuwa na jina la kulitaja. Serikali ilihesabu waliokufa 894. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Nenda makaburi ya Igoma uone walipolazwa. Iliundwa tume chini ya Jaji Kisanga, maneno mengi yakasemwa, machozi yakatoka.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka hatua chache kutoka gati la Ukara. Uwezo wake abiria 101. Waliokufa zaidi ya 220. Nini kilichobadilika kati ya 1996 na 2018, zaidi ya jina la chombo?

Utasema hizo ni meli za safari, mimi naongea habari za burudani. Ngoja. Mwezi wa pili tu baada ya Ukara, Novemba 24, 2018, upande wa Uganda, boti ya starehe ilizama karibu na Mukono, nje kidogo ya Kampala. Walikuwa vijana wa mjini wamevaa vizuri, muziki unapiga, vinywaji vinazunguka, mwisho wa wiki. Boti haikuwa na leseni, ilikuwa mbovu, na watu walipanda kupita kiasi. Walikufa zaidi ya 30. Mmiliki wake naye alikufa. Maji hayakuuliza nani ana pesa.

Maji hayo hayo ndiyo haya yetu. Na sasa hivi hapa Mwanza biashara ya kupakia vijana kwenye boti kwenda kuzunguka, kupiga picha na kurudi machweo inakua. Mimi siipingi hata kidogo. Naitaka iwe kubwa zaidi! Vijana wapate ajira, wapenzi wapate pa kwenda, ziwa liwe la wenyeji. Ninachouliza ni hiki: siku za sikukuu, nani yuko gatini anahesabu vichwa na kuhesabu jaketi za kuokolea? Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ndilo lenye kazi ya kukagua vyombo tangu liliporithi jukumu hilo kutoka SUMATRA. Wakaguzi wake wakitoka tunawapigia makofi. Lakini mtumbwi unaopakia kwenye mwalo wa pembeni saa kumi na moja jioni ya Krismasi, wewe umemwona mkaguzi gani?

Basi mpaka wakubwa waamke, jilinde mwenyewe. Jaketi uivae, usiikalie. Najua vijana wetu, wanaikalia ili shati lisikunjane kwenye picha. Jaketi usiyoifunga kamba inabaki juu ya maji, wewe unakwenda chini. Kama jaketi ni kumi na watu ni kumi na tano, teremka hata kama umeshalipa. Mkiwa hamna kitu kabisa, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo linaelea na mtu mzima, na likiwa na kamba ndiyo boya la kumtupia mwenzako. Usimrukie anayezama kama wewe si mwogeleaji, atakukumbatia mwende wote. Na ujue kwamba anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Pumzi ya kupigia kelele hana. Ananyamaza, kichwa kinaingia na kutoka, ninyi mnadhani anacheza.

Kitu kingine ambacho wavuvi wanakijua na vijana wa mjini hatukijui ni upepo. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote unakutana katikati ya ziwa, na hapo ndipo ngurumo kubwa zinapozaliwa, usiku wa manane mpaka alfajiri. Mvuvi mzee akikuambia tusiende, usimwonyeshe simu yako kwamba jua linawaka.

Wavuvi hao hao ndio nataka tuwazungumze. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, karibu kabisa na uwanja, watu 19 walikufa na 24 wakaokolewa. Nani walifika kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi alisifiwa nchi nzima, na Rais akaagiza apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hongera zake, alistahili. Lakini fikiri: nchi yenye nusu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika ilisubiri ndege ianguke ndipo igundue kwamba kijana wa mwaloni ana ujuzi wa kuokoa watu!

Vijana wa namna hiyo wamejaa Kirumba, Igombe, Luchelele. Wanaogelea kama sato. Kwa nini halmashauri zetu mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, zisiajiri japo wachache wao kuwa waokoaji wa fukweni siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu? Kwa nini wasifundishe kuogelea kwenye shule za kata zilizo kandokando ya maji? Mtoto wa Capri Point anafundishwa kwenye bwawa la hoteli. Mtoto wa Igogo anajifunza kwa kusukumwa na wenzake kutoka juu ya jiwe. Na dada zetu wengi hawajifunzi kabisa, wanaambiwa ni uhuni.

Fedha haipo? Hilo ndilo jibu tunalolijua. Juni 19, 2025, walizindua daraja la Kigongo hadi Busisi, kilometa tatu juu ya maji, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Daraja ni zuri, nimelivuka, na asiyelisifu ana wivu. Februari 2023 walishusha majini meli ya kubeba abiria 1,200. Nzuri pia. Serikali inayoweza kufanya hayo inashindwaje kununua kamba, maboya na kibanda cha mwokoaji? Haishindwi. Haijaulizwa kwa nguvu, ndiyo maana.

Na mikopo ya vijana je? Sheria inasema asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iende kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, na fungu la vijana ni asilimia 4. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya watu kula, ikarudishwa mwaka uliofuata. Wanakuambia chukueni bodaboda, fugeni kuku. Sijaona bango linalowaambia vijana watano wa Luchelele waungane wachukue boti ya faiba, injini, jaketi ishirini na leseni, wawe na kazi halali ya kutembeza watu.

Siyo kwamba hatuna utamaduni wa michezo ya majini. Miaka ya 2000 bia ya Balimi ilikuwa inadhamini mashindano ya mitumbwi Kanda ya Ziwa nzima. Timu zilikuja kutoka visiwani, wanaume kwa wanawake, makasia yanapiga kwa pamoja, ufukwe umefurika watu kama siku ya Toto na Pamba. Hiyo ilikuwa burudani yetu wenyewe, hatukuazima kwa Mzungu. Ilihitaji kampuni ya bia kuona kile ambacho ofisi ya michezo ilikuwa haioni.

Kisiwa cha Saanane nacho kina hadithi yake. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikaa pale. Alilipwa fidia akaondoka, na mwaka 1964 kikawa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ili wananchi wakatembee na kujifunza. Wazee wetu wanasimulia walivyovuka siku za sikukuu kwenda kumwona simba. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote, kilometa za mraba mbili na ushei. Ina kiingilio na ina ada ya boti. Sikatai hifadhi. Nasema tu kwamba kisiwa kilicho umbali wa kutupa jiwe kutoka katikati ya jiji kimekuwa cha wageni kwanza na cha mtu wa Igogo akibahatika.

Haya mambo tumeyaona kabla. Baba zetu walikuwa na uwanja wa mpira Kirumba. Enzi za chama kushika hatamu hakuna aliyeuliza ni wa nani, kwa kuwa chama kilikuwa kimoja na michango ilikuwa ya wote. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na watu wakashtukia hati ina jina la chama kimoja. Mpaka leo ukiingia kuangalia mpira unapita chini ya jina lake. Uwanja ulikwenda hivyo, kimyakimya. Sasa ni zamu ya ufukwe, kiwanja kimoja kimoja, ukuta mmoja mmoja, na hati zake hatuzijui.

Usimsubiri mwenyekiti wa mtaa akuitie jambo hili. Uchaguzi wa Novemba 2024 tuliuona, wagombea wetu walivyoenguliwa na chama tawala kikajitangazia asilimia 99 ya viti. Lakini akishakaa kwenye kiti hicho ana wajibu kwako, umempigia kura au ulinyimwa wa kumpigia. Nenda kwenye mkutano wa mtaa. Usiende peke yako, nenda na vijana kumi wa kijiweni, mkae mbele. Kama mtaa wako unagusa ziwa, swali ni moja: njia ya umma ya kufika majini katika mtaa huu iko kati ya kiwanja namba ngapi na namba ngapi, na nani ameifunga? Msiulize kwa mdomo tu. Andikeni barua, nakala kwa mkurugenzi na nakala kwa NEMC, na ile mtakayobaki nayo mkononi hakikisheni imegongwa mhuri wa kupokelewa.